Hiram Percy Maxim: Mwana wa mbunifu wa bombomu aliyewapigania raia haki ya mawimbi

JINA Maxim si geni katika historia ya Afrika Mashariki, ijapokuwa hukumbukwa kwa uchungu. Bunduki ya Maxim, iliyobuniwa mwaka 1884 na iliyoweza kufyatua takriban risasi 600 kwa dakika, ndiyo aliyokuwa nayo Kapteni Frederick Lugard katika mapigano ya Mengo, Buganda, Januari 1892. Bunduki za aina hiyo zilirindima pia katika milima ya Nandi wakati wa vita ambavyo kiongozi wa jamii hiyo, Koitalel arap Samoei, aliuawa Oktoba 1905. Kusini ya mpaka, Wajerumani walizielekeza kwa wapiganaji wa Maji Maji.

Aliyeibuni ni Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza na kutunukiwa cheo cha Sir mwaka 1901. Lakini mzee huyo alikuwa ameacha Marekani mwana wa kiume, Hiram Percy Maxim, ambaye naye aliacha alama yake duniani kwa njia tofauti kabisa na ya babake.

Leo hii mtu yeyote anayefanya mtihani, akapata leseni na kuanza kuwasiliana na wenzake wa nchi za mbali kwa mtambo aliouweka chumbani mwake, anafaidi matunda ya kazi ya Maxim huyu mdogo. Shughuli hiyo huitwa redio ya ridhaa, kwani wanaoifanya, mithili ya mabondia wa ridhaa, huifanya kwa mapenzi yao wala si kwa ujira. Hawatangazi biashara na hawapigi muziki. Hujifunza, hujaribu mitambo, hufanya urafiki na, panapotokea maafa, hupeleka habari pale ambapo simu zimekatika.

Nusura shughuli hiyo izikwe ingali changa. Kilichoinusuru si uvumbuzi wa kitaalamu. Ni mtu mmoja kutambua mapema kwamba leseni peke yake haimlindi aliye nayo, iwapo wenye leseni hawajaungana.

Makuzi

Hiram Percy Maxim alizaliwa Brooklyn, New York, Septemba 2, 1869. Mamake aliitwa Jane Budden. Nyumba yao ilikuwa ya mafundi na wavumbuzi. Hata amu yake, Hudson Maxim, alipata umaarufu kwa kutengeneza baruti. Hata hivyo, Percy alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, babake alivuka bahari kwenda Ulaya kwa shughuli za umeme na hakurudi tena kuishi na jamaa yake. Kijana huyo akakua akisikia sifa za babake kutoka mbali.

Mwaka 1886, akiwa angali na umri wa miaka 16, alihitimu katika kitengo cha mafunzo ya ufundi cha taasisi ya MIT, ambayo wakati huo ilikuwa mjini Boston. Aliajiriwa katika karakana mbalimbali na hatimaye akavutiwa na injini za petroli. Mnamo 1895 alijiunga na kampuni ya Pope mjini Hartford, jimbo la Connecticut, iliyokuwa ikiunda baiskeli na kutaka kuingilia biashara ya magari. Huko alikuwa miongoni mwa wahandisi wa kwanza wa magari nchini Marekani.

Mnamo 1898 alimwoa Josephine Hamilton, bintiye aliyekuwa gavana wa jimbo la Maryland. Walijaaliwa mtoto wa kiume, Hiram Hamilton, aliyezaliwa mwaka 1900, na baadaye binti waliyempa jina la Percy.

Mwaka 1909 alipata hataza ya kifaa kilichomtajirisha, nacho ni cha kuzima mlio wa bunduki. Watu hawakukosa kutambua kinaya hicho: baba aliitikisa dunia kwa mlio wa risasi, naye mwana akauza kifaa cha kuunyamazisha. Baadaye kampuni yake ilitumia maarifa hayo kupunguza kelele za injini na mitambo ya viwandani. Kufikia wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka 40, mwenye kiwanda, jina na nafasi katika jamii ya Hartford. Mtu wa aina hiyo hakutarajiwa kujishughulisha na mchezo wa watoto wa shule. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mwanawe Hiram Hamilton ndiye aliyemvuta.

Kabla ya leseni

Ili kuielewa kazi ya Maxim, yafaa kukumbuka hali ya mambo katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20. Guglielmo Marconi alikuwa amethibitisha mwaka 1901 kwamba ishara za redio zaweza kuvuka bahari ya Atlantiki. Habari hizo ziliwapandisha vijana mori. Kote Marekani, vijana walijiundia mitambo kwa vifaa vya kuokoteza. Koili ya kuwashia injini ya gari la Ford ilitoa cheche za kurushia ishara. Waya uliozungushwa kwenye kopo la shayiri ulisaidia kuchagua wimbi. Kipande cha jiwe la galena, kikiguswa kwa ncha ya waya mwembamba, kilitosha kunasa ishara zilizosikika katika vidude vya masikioni.

Hapakuwa na sauti ya mtu wala muziki. Kilichosikika ni alama za Morse, yaani milio mifupi na mirefu inayosimama mahali pa herufi.

Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya kudai leseni tangu mwaka 1904. Marekani haikuwa na sheria kama hiyo, kwa hivyo kila mtu alirusha alichotaka, wakati alioutaka, kwa nguvu aliyoimudu. Vijana waliingilia mawasiliano ya meli na vituo vya jeshi la wanamaji, na wachache wasio na haya walituma miito ya uongo ya meli kuzama. Malalamiko ya wanamaji hayakuwa ya kubuni.

Kisha, usiku wa kuamkia Aprili 15, 1912, meli ya Titanic ikazama. Katika vurumai ya saa zilizofuata, habari za uongo zilienea kwamba meli hiyo ilikuwa salama na inavutwa kuelekea bandarini. Baadhi ya lawama ziliwaangukia wanaridhaa. Agosti 13, 1912, Rais William Howard Taft alitia saini sheria ya redio iliyoanza kutekelezwa Desemba mwaka huo. Kuanzia hapo, hakuna aliyeruhusiwa kurusha ishara bila leseni ya serikali.

Sheria hiyo iliwaruhusu wanaridhaa kuendelea, lakini kwa masharti mazito. Nguvu ya mtambo isizidi kilowati moja. La pili ndilo lililoonekana kuwa hukumu ya kifo: walitakiwa kutumia mawimbi ambayo urefu wake hauzidi mita 200. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba kadiri wimbi linavyokuwa refu ndivyo linavyofika mbali, na kwa sababu hiyo vituo vikubwa viling'ang'ania mawimbi ya mamia na maelfu ya mita. Mawimbi mafupi yalihesabiwa kuwa makapi. Wanaridhaa walitupiwa makapi hayo kwa matumaini kwamba wangechoka na kutafuta mchezo mwingine.

Mtihani nao haukuwa wa mzaha. Aliyetaka leseni ya daraja la kwanza alifika mbele ya mkaguzi wa serikali, akaonyesha kwamba aweza kutuma na kupokea alama za Morse kwa kasi iliyowekwa. Alitakiwa pia kufahamu namna ya kuurekebisha mtambo wake na kuzijua sheria, hasa ile ya kunyamaza mara moja asikiapo mwito wa meli iliyo hatarini. Waliokaa mbali na vituo vya mtihani walipewa leseni ya daraja la pili kwa njia ya posta. Kila aliyefaulu alipewa alama yake ya utambulisho, ambayo alipaswa kuitaja kila arushapo ishara.

Wapo waliokasirishwa na sheria hiyo. Maxim hakuwa mmoja wao. Aliona kwamba leseni ilikuwa imempa kijana wa koili na kopo kitu ambacho hakuwa nacho kabla, yaani nafasi inayotambuliwa na sheria. Kabla ya hapo alikuwa msumbufu tu, na baada ya hapo alikuwa raia mwenye haki na wajibu. Kilichosalia ni kuitetea haki hiyo.

Kupokezana

Januari 1914, Maxim alishiriki kuanzisha klabu ya redio mjini Hartford. Mwenzake wa karibu alikuwa kijana aliyeitwa Clarence Tuska, aliyekuwa mdogo wake kwa zaidi ya miaka 25.

Usiku mmoja wa Aprili 1914, Maxim alitaka kununua valvu ya redio ya aina ya Audion, kifaa kipya wakati huo na adimu sana. Alisikia kwamba mwanaridhaa mmoja wa mji wa Springfield, takriban kilomita 40 kutoka Hartford, alikuwa nayo ya kuuza. Alipojaribu kumwita kwa mtambo wake, ambao ulikuwa wa nguvu ya juu kabisa iliyoruhusiwa, hakufika. Ndipo alipokumbuka kwamba katika mji wa Windsor Locks, katikati ya njia, palikuwa na mwanaridhaa mwingine aliyekuwa akimsikia vizuri. Alimwomba aupeleke ujumbe Springfield, na shughuli ikakamilika.

Tukio lenyewe lilikuwa dogo. Wengine walikuwa wamekwisha kupelekeana ujumbe kwa njia hiyo bila kulifikiria zaidi. Maxim alilifikiria. Kama mtu mmoja wa kati aliweza kuunganisha miji miwili, basi mamia ya watu waliopangwa vizuri wangeliunganisha bara zima, kama wanariadha wa mbio za kupokezana vijiti. Hakuna ambaye angehitaji mtambo mkubwa. Kila mmoja angehitaji tu kumfikia jirani yake.

Mwezi uliofuata, Mei 1914, yeye na Tuska waliasisi chama cha kitaifa cha kupokezana ujumbe wa redio, ambacho hadi leo chajulikana kwa herufi ARRL. Walichapisha fomu na kuzituma kwa kila mwanaridhaa waliyemsikia, wakimtaka aeleze uwezo wa mtambo wake na saa anazopatikana. Kabla ya mwaka huo kwisha walikuwa na orodha ya vituo mamia kadhaa. Desemba 1915 walianzisha jarida la QST, nalo lachapishwa hadi leo.

Februari 1917, ujumbe ulitumwa kutoka pwani ya mashariki ya Marekani hadi pwani ya magharibi kwa kupokezanwa na wanaridhaa, na jibu likarudi kwa muda wa saa moja na dakika 20. Waliofanya kazi hiyo wengi wao walikuwa vijana, wakitumia mawimbi yaliyoitwa makapi.

Vita

Miezi miwili baadaye, Aprili 1917, Marekani iliingia katika Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia. Serikali iliamuru vituo vyote vya ridhaa vifungwe na antena zishushwe. Hata kusikiliza kulipigwa marufuku. Wanaridhaa walitii, na maelfu yao walijiunga na jeshi, ambalo lilikuwa na njaa ya watu wanaojua Morse. Jarida la QST lilisitishwa mwaka huo.

Vita vilikwisha Novemba 1918, lakini marufuku haikuondolewa. Badala yake, mswada uliwasilishwa katika bunge la Congress uliokusudia kuliweka jeshi la wanamaji katika usukani wa mawasiliano yote ya redio. Waziri wa jeshi hilo, Josephus Daniels, aliuunga mkono kwa nguvu zote. Kama ungepita, raia wa kawaida hangekuwa na nafasi yoyote ya maana hewani.

Hali ya chama ilikuwa mbaya. Wanachama walikuwa wametawanyika kambini, hazina ilikuwa karibu tupu, na hapakuwa na jarida la kuwakusanya watu. Hapa ndipo ilipobainika kwa nini orodha ya majina yaweza kuwa na thamani kuliko mtambo wa kilowati moja. Maxim na wenzake waliwaandikia wanachama wa zamani pamoja na jamaa zao, wakiwataka wawaandikie wabunge wao. Barua zikamiminika Washington. Maxim mwenyewe alifika mbele ya kamati ya bunge Desemba 1918, akiwa miongoni mwa waliotoa ushahidi dhidi ya mswada huo.

Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka. Wanaridhaa walikuwa wametii sheria ya 1912, walikuwa wamefanya mitihani, na vita vilipozuka walifunga vituo vyao bila manung'uniko na kulipa jeshi mafundi ambao halikuwa limewafundisha. Kuwafutilia mbali baada ya hayo kungekuwa ni kuwaadhibu kwa utiifu wao. Januari 1919 mswada huo uliwekwa kando.

Marufuku ya kusikiliza iliondolewa Aprili 1919. Ya kurusha ishara ilichukua miezi mingine, na ni baada ya shinikizo zaidi ndipo ilipoondolewa mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Kwa wakati uo huo, viongozi wa chama walikopa takriban dola 7,500 kutoka kwa wanachama wao ili kulinunua jarida kutoka kwa Tuska na kuanza upya. Walikopesha watu ambao hawakuwa na hakika kama wangewahi kuruhusiwa kuwasha mitambo yao tena.

Makapi yageuka dhahabu

Wanaridhaa walirudi hewani wakiwa na valvu, ambazo vita vilikuwa vimeziboresha, mahali pa koili za cheche. Desemba 1921 chama kilimtuma mtaalamu wake, Paul Godley, hadi Ardrossan, pwani ya Uskoti. Akiwa ndani ya hema, katika baridi na mvua, alizisikia stesheni nyingi za wanaridhaa wa Marekani kuvuka Atlantiki, zikitumia mawimbi ya mita 200 na ushei.

Swali likawa: kama mita 200 zafika Ulaya, je, mita 100 zitafika wapi? Novemba 1923, Fred Schnell wa Connecticut aliwasiliana na Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, kwa mawimbi ya takriban mita 110, kila mmoja akimjibu mwenziwe. Oktoba 1924, Frank Bell, mfugaji wa kondoo kule New Zealand, alizungumza kwa Morse na Cecil Goyder, mwanafunzi wa shule ya Mill Hill, London. Hao walikuwa karibu pande mbili za dunia.

Sababu ilikuja kueleweka baadaye. Mawimbi mafupi hupaa hadi kwenye tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, yakarudishwa chini mbali sana. Wahandisi wa Marconi nao walikuwa wakifanya majaribio yao katika miaka hiyo hiyo, kwa hivyo si haki kuwapa wanaridhaa sifa zote. Lakini walichangia pakubwa kuonyesha kwamba kile walichotupiwa kama makapi kilikuwa na thamani.

Msomaji wa makamo wa Afrika Mashariki analifahamu tunda la ugunduzi huo bila kuambiwa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na ile ya Deutsche Welle, iliyoanza 1963, zilifika vijijini kwetu kwa mawimbi hayo hayo mafupi.

Aprili 1925, wajumbe wa nchi zaidi ya 20 walikutana Paris na kuunda muungano wa kimataifa wa vyama vya redio za ridhaa, IARU. Maxim alichaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Muungano huo ulihitajika upesi, kwa sababu mawimbi mafupi yalipogeuka dhahabu, serikali na makampuni yote yaliyataka. Katika mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Washington mwaka 1927, mataifa kadhaa yalipendelea wanaridhaa wabanwe kabisa. Maxim, katibu wa chama Kenneth Warner na wenzao walipigania kila mita. Walitoka na nafasi finyu kuliko waliyoizoea, lakini kwa mara ya kwanza nafasi hiyo iliandikwa katika mkataba wa kimataifa: sehemu za mawimbi ya mita 160, 80, 40, 20 na 10, miongoni mwa nyinginezo. Mafungu hayo, yakiwa yamerekebishwa kwa miaka mingi, ndiyo hutumiwa na wanaridhaa hadi leo.

Mzee wa jaridani

Kwa miaka mingi, wasomaji wa QST walifurahia makala ya mwandishi asiyejulikana aliyejiita kwa herufi T.O.M., kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mzee. Mzee huyo alikuwa mkali na mcheshi. Aliwakaripia waliorusha ishara ovyo, waliomkatiza mwenzao na waliotuma Morse isiyosomeka. Alibuni hata kifaa cha kutisha cha kuwaadhibia wakosaji, ambacho jina lake, Wouff Hong, halikuwa na maana yoyote. Kifaa chenyewe, vipande vya mbao vilivyofungwa kwa waya, kilitumwa kwa ofisi za chama na kutundikwa ukutani. Maxim alipofariki ndipo wasomaji walipothibitishiwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa T.O.M.

Mzaha huo ulikuwa na shabaha. Maxim alijua kwamba maadui wa redio ya ridhaa hawakuwa Washington peke yake. Kila mwanaridhaa aliyevunja sheria alimpa waziri fulani sababu ya kuwafungia wote. Leseni ilikuwa ya mtu mmoja, lakini aibu ilikuwa ya jamaa nzima.

Hakujifungia katika redio tu. Mwaka 1926 aliasisi chama cha watengenezaji filamu wa ridhaa. Aliandika kitabu kuhusu uhai na ulimwengu, akaandika kumbukumbu za siku za mwanzo za magari, na akaandika pia juu ya babake, kwa ucheshi na upendo ambao haukutarajiwa kwa mtoto aliyeachwa.

Februari 1936, akiwa safarini kuelekea California kuitembelea darubini ya Lick, aliugua ndani ya treni. Aliteremshwa na kupelekwa hospitalini katika mji mdogo wa La Junta, jimbo la Colorado, na huko akafariki Februari 17, akiwa na umri wa miaka 66. Alizikwa Hagerstown, Maryland.

Mwezi mmoja baadaye, mafuriko makubwa yaliyakumba majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani. Simu zilikatika, na wanaridhaa wakapeleka habari za waliokwama na waliohitaji msaada. Kituo cha makao makuu ya chama chake, karibu na mto Connecticut, nacho kiliharibiwa na maji hayo. Kituo kipya kilijengwa katika mji wa Newington na kufunguliwa Septemba 2, 1938, siku ambayo angetimiza umri wa miaka 69. Kilipewa alama yake mwenyewe ya utambulisho, W1AW.

Funzo

Mambo mengi yamebadilika tangu enzi hizo. Mkutano wa kimataifa wa mwaka 2003 uliziachia nchi uhuru wa kuamua kama mtahiniwa ni lazima ajue Morse, na Marekani yenyewe iliondoa sharti hilo mwaka 2007. Kwa ajili hiyo wengi walioogopa mlango huo waliingia.

Hapa Kenya, leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na vituo vyetu hutambulika duniani kwa alama zinazoanza na 5Z4, badala ya VQ4 iliyotumika enzi za ukoloni. Katika enzi hii ya simu za mkononi, kijana aweza kuuliza kuna haja gani ya kusomea mtihani ili azungumze na mtu wa mbali. Jibu ni kwamba simu hutegemea minara na kampuni, ilhali mwanaridhaa hutegemea waya wake, betri yake na maarifa yake. Isitoshe, mwenye simu hukodi nafasi hewani, lakini mwanaridhaa amepewa nafasi hiyo na sheria ili ajifunze na kujaribu. Ni vitu vichache siku hizi ambavyo raia hupewa kwa sharti la kujifunza tu.

Kwa anayeanza, mpangilio haujabadilika sana tangu 1912. Asikilize kwanza kabla ya kusema. Ajifunze namna umeme na mawimbi yanavyofanya kazi. Azijue sheria, kisha atafute wenzake, kwani ni nadra mtu kufika mbali katika shughuli hii akiwa peke yake.

Hadi sasa, kituo cha W1AW kule Newington hurusha hewani mazoezi ya Morse kwa ajili ya wanaojifunza. Mgeni mwenye leseni anayekitembelea huruhusiwa kuketi na kurusha ishara kwa alama ya Maxim. Hulazimika tu kuionyesha leseni yake kwanza.